Buldogi kwenye joto la Malindi: nilivyopima maneno ya mfugaji na ya daktari

Nikimtembeza Bosi, buldogi wangu, alfajiri kwenye barabara ya Casuarina, hakosi mtu wa kunisimamisha. Atautazama ule uso uliokunjamana, kifua kipana na miguu mifupi, kisha aulize: "Huyu ni shilingi ngapi, na wenzake wanapatikana wapi?" La bei hulijibu: nilimnunua kwa zaidi ya laki moja. Lakini sipendi mazungumzo yaishie hapo, kwa sababu mtu anaweza kuzitafuta hizo pesa, akazipata, akanunua mbwa ambaye mwezi wa pili hawezi kuvuta pumzi.

Naandika kwa yeyote wa Malindi, Watamu au Kilifi anayetamani buldogi. Nataka ajue anaingia wapi, na ajue namna ya kuwasikiliza watu wawili ambao si kila siku watakubaliana: aliyemzalisha mbwa, na daktari wa mifugo.

Kutafuta kulinichukua muda mrefu. Kwenye makundi ya WhatsApp na kurasa za Facebook mbwa wamejaa. Muuzaji mmoja alikuwa tayari kunipakilia kitoto cha wiki 5 kwenye basi la usiku, mradi nitume pesa kwanza kwa M-Pesa. Kitoto cha mbwa hakitolewi kwa mama yake kabla ya wiki 8. Hilo peke yake lilinitosha. Mwingine alinitumia picha nzuri ajabu. Nikamwomba video ya mama mtu akikimbia uani, hata kwa dakika moja tu. Hakunijibu tena.

Ombi hilo la video ndilo ningekushauri uanze nalo. Buldogi aliyekaa anapendeza siku zote. Unachotaka ni kumwona akienda mwendo wa haraka, kisha umsikilize akisimama: je, anapumua kama mbwa aliyechoka, au anavuta hewa kwa kelele, mbavu zikiingia ndani? Halafu mtazame puani. Tundu za pua ziwe wazi, unaziona kama matundu kamili. Zikiwa nyembamba kama mkwaruzo wa ukucha, huyo mbwa anahangaika kupata hewa hata akiwa Limuru kwenye baridi, sembuse Malindi mwezi wa Februari.

Na Limuru ndiko nilikompata mfugaji niliyemwamini. Ni mama mtu mzima, anazalisha buldogi wachache, na kabla ya kutaja bei alinihoji mimi. Nyumba yako imeezekwa kwa nini? Mchana nani anabaki na mbwa? Stima hupotea sana? Umewahi kufuga mbwa gani? Nilipomwambia ninakaa Malindi, akakaa kimya kidogo. "Kijana wangu," akasema, "mimi sijawahi kupeleka mbwa Pwani. Sitakudanganya kwamba najua watakaaje huko." Nilimheshimu kwa neno hilo. Wauzaji wengine wote walikuwa wameniapia kwamba mbwa wao anaweza joto.

Alinionyesha mama wa vitoto, na kovu la upasuaji tumboni. Kichwa cha buldogi ni kikubwa na nyonga ya mama ni nyembamba, kwa hiyo zaidi ya asilimia 80 ya uzazi wao huwa wa kisu. Alinionyesha na stakabadhi za daktari aliyempasua. Hapo nikaelewa bei inatoka wapi, na nikaelewa pia kwamba anayekuuzia buldogi kwa bei ya chee kuna mahali amekata gharama, na mara nyingi ni kwenye chanjo au kwa mama mwenyewe.

Karatasi za East Africa Kennel Club, chama kinachosajili ukoo wa mbwa, alikuwa nazo. Ni vizuri kuwa nazo, zinakuonyesha ukoo: baba ni nani, babu ni nani, kama wamezaliana ndugu kwa ndugu. Lakini karatasi haikwambii mbwa anapumua vipi. Nimekutana na watu wawili hapa Malindi wenye karatasi safi kabisa na mbwa anayelala amekaa.

Tulimleta usiku. Tuliondoka Limuru jioni, tukapita Tsavo gizani wakati joto limetulia, Mariakani tukakata njia ya Kaloleni hadi Kilifi, na jua lilipochomoza tulikuwa karibu na nyumbani. Usimsafirishe buldogi mchana kwenye gari lisilo na kiyoyozi. Mashirika mengi ya ndege nayo hukataa mbwa wa pua fupi, na wana sababu.

Mama wa Limuru alinipa maelekezo yake kwa sauti, dakika baada ya dakika, na nilipofika nikayaandika yote. Mikunjo ya uso ifutwe na ikaushwe. Mfuko ulio chini ya mkia ukaguliwe, maana mkia wa buldogi hujipinda na kuficha uchafu. Usimfunge kamba shingoni, mnunulie hatamu ya kifua. Usimruhusu kuruka kutoka kwenye kiti, viungo vya nyonga na magoti vya hawa mbwa ni dhaifu. Bwawa la kuogelea lizungushiwe wavu, kwani kichwa ni kizito, pua iko karibu na maji, na anazama. Chakula kiwe kidogo kidogo. "Na akikoroma usishtuke," akamalizia, "ndivyo walivyo."

Daktari wa kwanza niliyempelekea hapa Malindi ni mtu wa ng'ombe na mbuzi zaidi. Mbwa wengi anaowaona ni wa ulinzi, wale wa kienyeji wenye pua ndefu wasiojua maradhi. Aliniambia waziwazi kwamba buldogi amewatibu wachache mno. Lakini kwenye chanjo na kupe hakuwa na mpinzani. Alimpa chanjo za utotoni kwa vipindi vyake, akamchoma ya kichaa cha mbwa alipotimiza miezi mitatu, akaniandikia kadi na kunisisitizia irudiwe kila mwaka. Kuhusu kupe alikuwa mkali. Jirani yangu mmoja alikuwa amenipa dawa ya kuogeshea ng'ombe kwenye chupa ya soda, akaniambia nikadirie kwa kifuniko. Daktari aliitazama ile chupa akaniuliza: "Mbwa ana kilo ngapi? Na humu ndani mna maji kiasi gani?" Hakuna aliyejua. Akanipa dawa ya mbwa, iliyopimwa kwa uzito wa mbwa.

Mgongano wa kwanza ulikuwa juu ya mikunjo ya uso. Mfugaji alikuwa ameniambia mara moja kwa wiki inatosha. Kufikia mwezi wa pili mkunjo wa juu ya pua ulikuwa mwekundu, una unyevu, unanuka kama kitambaa kilichosahaulika kwenye ndoo. Daktari akanipa mafuta ya kupaka. Yalituliza wekundu, lakini kila yakiisha tatizo linarudi, maana mafuta nayo yanaongeza unyevu mahali palipolowa. Nilimpigia mama wa Limuru na kumtumia picha. Akasema: "Hapo hapahitaji kupakwa kitu, panahitaji kukauka." Sote wawili tukaelewa kwamba ratiba yake ilikuwa ya Limuru, kwenye hewa baridi na kavu kuliko yetu. Pwani hewa yenyewe imelowa. Tangu hapo nafuta kila siku: kitambaa laini cha pamba kilicholoweshwa maji yaliyochemshwa yakapoa, naingiza kidole ndani ya mkunjo mpaka chini, kisha kitambaa kikavu, tena na tena, hadi kidole kitoke hakina unyevu. Baada ya mikunjo nahamia chini ya mkia. Mafuta sijayahitaji tena. Daktari nilipomweleza, alifurahi na akaniomba nimfundishe mteja wake mwingine mwenye pagi, mbwa mdogo ambaye naye uso wake umekunjamana.

Mgongano wa pili uliamuliwa upande wa daktari. Bosi aliamka siku moja hataki kula, amelala tu kwenye sakafu ya saruji. Mfugaji kwenye simu alisema ni joto, mpe maji na feni. Lilikuwa jibu la busara kwa mtu aliye mbali. Lakini nilikuwa nimempima joto alfajiri, sakafu ikiwa baridi na upepo unavuma, na kipimajoto kikaonyesha zaidi ya nyuzi 40. Mbwa mzima huwa kati ya 38 na 39 na kitu. Jua lilikuwa halijachomoza, kwa hiyo homa ile ilikuwa inatoka ndani. Daktari akamfunua midomo, ufizi ulikuwa umepauka, akachukua damu, akatuambia ni homa ya kupe. Alikunywa vidonge vya doxycycline karibu mwezi mzima, na akapona. Kipimajoto hakifiki bei ya kilo mbili za nyama. Kinunue kabla ya bakuli la chakula.

Sasa nije kwenye pumzi, maana hapo ndipo penye uzito.

Kaskazi ya kwanza, msimu wetu wa joto, ilimkuta Bosi amekomaa. Desemba ikaingia, upepo ukapungua, na usiku ukawa hauna tofauti kubwa na mchana. Kukoroma kwake kukabadilika. Zamani alikoroma akilala tu. Sasa ilikuwa mlio wa kuvuta, hata akiwa macho amesimama tu mlangoni. Alianza kutapika povu na chakula kisichosagika dakika chache baada ya kula. Usiku alikuwa akilaza kidevu juu ya ukingo wa ngazi ili shingo inyooke, na mara nyingine alisinzia akiwa ameshika mpira mdomoni. Nilidhani anaupenda mpira wake. Daktari wa Mombasa ndiye aliyenieleza baadaye kwamba mpira unamfanya alale mdomo wazi, apate hewa.

Nilipata majibu matatu. Mfugaji: ndivyo walivyo, atazoea. Daktari wa Malindi: amezidi uzito, mpunguze. Daktari wa Mombasa, aliyebobea kwenye upasuaji wa mbwa na paka: tundu za pua ni finyu na kaakaa laini, ile nyama ya nyuma juu ya mdomo, ni refu, linafunika njia ya hewa, afanyiwe upasuaji mapema, maana kadiri anavyovuta kwa nguvu, ndivyo koo linavyovimba na kulegea ndani.

Nilikaa na majibu hayo nikiwa na hofu. Anayesema "usipasue" ndiye aliyeniuzia mbwa, na jina la kizazi chake liko hapo. Anayesema "pasua" ndiye atakayelipwa kupasua. Sikutaka kumdhania mabaya yeyote kati yao, ila nilitaka kitu cha kushika kisichotegemea maslahi ya mtu.

Nilichofanya ni kuwauliza wote maswali ya vitu walivyoviona kwa macho. Daktari wa Malindi nilimuuliza uzito. Wastani wa dume la buldogi ni kilo 25. Bosi alikuwa amepita hapo. Nikampunguzia chakula, nikawa nampima nyumbani kwa kumpakata na kupanda naye kwenye mizani, kisha natoa uzito wangu. Alipofika 25 mlio ulipungua kidogo, haukuisha. Kwa hiyo ushauri ule ulikuwa wa kweli, lakini haukulimaliza tatizo lote.

Daktari wa Mombasa nilimuuliza: unajuaje kama si kukoroma kwa kawaida? Hakunijibu kwa maneno. Alimsikiliza Bosi kooni kwa kifaa chake, kisha akanituma nimkimbize taratibu, mwendo wa mchakamchaka, kwa dakika tatu kwenye korido iliyokuwa na baridi, halafu akasikiliza tena. Akanipa kile kifaa masikioni. Kabla ya kukimbia ulisikika mlio mdogo. Baada ya kukimbia ulikuwa kama msumeno. Kipimo hicho kilitengenezwa Chuo Kikuu cha Cambridge, kina madaraja kuanzia 0, mbwa asiye na shida, hadi 3, aliye na shida kubwa zaidi. Bosi alikuwa la 2, na daraja hilo linahitaji matibabu. Ukifika kwa daktari anayetaka kumpasua mbwa wako bila kumsikiliza baada ya mazoezi, mwombe afanye hivyo kwanza.

Mfugaji nikampigia jioni. Sikumuuliza kama nipasue. Nilimwambia: "Mama, nakuomba uniambie ukweli, sikulaumu kwa lolote. Ndugu zake Bosi wanapumuaje?" Alivuta pumzi. Akasema ndugu yake mmoja alifanyiwa upasuaji Nairobi, na sasa ni mzima. Hakuwa ameficha kwa ubaya. Hakuna mteja aliyewahi kumuuliza. Swali hilo ndilo lililoniamulia. Kisha akanipa neno jingine, na sauti yake ilikuwa ya mzazi: "Waambie mpira wa kupumulia usitolewe kooni mpaka anyanyue kichwa mwenyewe. Mbwa hawa hawafi kwenye kisu, wanakufa wakizinduka."

Nilimfikishia daktari maneno hayo kwa uangalifu, nisimvunjie heshima. Akatikisa kichwa kukubali kabla sijamaliza. Alisema kwa mbwa wa pua fupi hauondoi mpira mpaka mbwa mwenyewe anaukataa, na mtu hukaa naye muda wote huo. Kusikia mfugaji na daktari wanasema jambo lile lile bila kujuana kulinipa nguvu ya kutia sahihi.

Siku ya upasuaji tulivuka daraja la Kilifi kuelekea Mombasa kukiwa bado giza. Walimpanua tundu za pua kwa kukata kipande kidogo kila upande, wakalipunguza kaakaa. Nilikaa nje nikisikia mlango tu. Aliponyanyua kichwa, muuguzi akaniita. Pua ilikuwa na nyuzi na damu iliyokauka, ulimi ulikuwa wa waridi, na kwa mara ya kwanza tangu nimfahamu alikuwa amefumba mdomo na anapumua. Nililia pale, sioni haya kusema.

Gharama ya upasuaji, vipimo vya damu na dawa ilikaribia nusu ya bei niliyomnunulia. Yeyote anayeweka akiba ya kununua buldogi aweke na hii pembeni. Hata usipoihitaji kwa pua, utaihitaji kwa macho, kwa ngozi au kwa magoti.

Baada ya upasuaji joto la Malindi halikuhama. Bosi hutembea kabla ya jua na baada ya magharibi tu. Asubuhi nasubiri watu watoke sala ya alfajiri, kwa sababu jirani yangu mzee aliniomba kwa upole nisimpitishe mbwa mbele ya msikiti watu wakiwa na udhu, na ni haki yake. Mzee huyo huyo ndiye aliyenifundisha kufungua madirisha ya juu upande wa upepo na kufunga ya chini mchana, kama zilivyojengwa nyumba za zamani za mawe. Chumba kilipoa kwa namna ambayo feni peke yake haikuweza. Nina feni ya betri kwa siku za stima kupotea.

Na hili likariri hata kama hutakumbuka lingine. Ukimwona buldogi anahema bila kutulia, ulimi umekuwa mwekundu sana au wa zambarau, ute mzito unamtoka, anayumba, mpoze kwanza hapo hapo ndipo utafute gari. Mmwagie maji mengi mwili mzima, yoyote uliyo nayo mradi yawe baridi kuliko yeye, na umpepee bila kuacha. Usimfunike taulo lililolowa ukaliacha juu yake, linahifadhi joto. Usimlazimishe kunywa. Joto lake likishuka kufikia nyuzi 39 na nusu acha kumwagia, mpeleke kwa daktari hata kama ameanza kutingisha mkia, kwa maana figo na damu huweza kuharibika na dalili zikachelewa. Joto la mwili likipita 41 dakika ndizo zinazohesabiwa, na safari ya kwenda Mombasa ni ndefu.

Watu huniomba Bosi awapandishie majike yao, na pesa wanazotaja si haba. Mfugaji alinishauri nikubali, ukoo ni mzuri. Daktari alinishauri nimhasi. Hapa sikuhitaji kumpigia mtu mwingine. Mbwa aliyefunguliwa njia ya hewa kwa kisu atazaa watoto wenye pua ile ile aliyozaliwa nayo. Kisu hakibadilishi damu. Uholanzi wamekwishapiga marufuku kuzalisha mbwa ambao urefu wa pua haufiki theluthi ya kichwa. Sisi hatuna sheria hiyo, lakini kila mwenye dume anaweza kuamua mwenyewe. Nilimhasi. Mama wa Limuru alinyamaza nilipomwambia, kisha akaniuliza anapumuaje siku hizi. Mwaka huu yeye mwenyewe hakulipandisha tena lile jike.

Kuna kijana wa Watamu ambaye amekuwa akinipigia tangu mwezi uliopita. Anataka buldogi. Nimempa maswali: umeona mama akikimbia? Baba je? Kuna ndugu aliyefanyiwa upasuaji? Daktari aliyewachanja ana namba ya usajili ya Kenya Veterinary Board? Jana alinitumia video ya dume anayetarajiwa kuwa baba. Amesimama kivulini, hajakimbia popote, na mlio unasikika juu ya muziki wa redio. Nimemwambia aendelee kutafuta.